Mayai ya Plasta

Kanari jike hutaga yai moja kila siku, asubuhi, kabla watu wa nyumbani hawajamaliza chai. Mfugaji anayejua kazi yake huliondoa yai hilo kwa kijiko na kuweka la bandia mahali pake, ili jike asianze kuatamia mapema. Siku ya nne mayai yote ya kweli hurudishwa kiotani kwa pamoja, ya bandia huondolewa, na baada ya wiki mbili makinda hutoka siku moja, wote wakiwa na ukubwa mmoja, bila mkubwa wa kumkanyaga mdogo. Mzee Plasta alikuwa amefanya hivyo kwa miaka kumi na tisa katika banda la bustanini, kati ya tangi la maji na tuta la vitunguu, na hakuwa amekosea hata mara moja.

Jina la Mzee Plasta alipewa hospitalini, ambako kazi yake ilikuwa kuwafunga plasta waliovunjika mifupa. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, mlango unaofuata baada ya chumba cha eksirei. Mlikuwa na sinki, ndoo ya unga wa plasta, meza ndefu iliyovikwa mpira, na kabati la bandeji ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Watu waliamini kwamba plasta yake haiwashi. Si kweli, plasta zote huwasha, ila yeye alitandika pamba nyingi chini yake, na pamba humpa mgonjwa moyo.

Mayai ya bandia aliyatengeneza mwenyewe. Zamani alinunua ya plastiki kwenye duka la vyakula vya mifugo, lakini jike wake mmoja, wa kijani, mkali kama mama mkwe, alianza kuyasukumia nje ya kiota. Ndipo Mzee Plasta akapata wazo la kufinyanga masalio ya plasta yanayobaki kwenye bakuli, kuyasugua kwa msasa na kuyapaka rangi ya maji kidogo. Jike wa kijani aliyapokea bila ubishi. Tatizo ni kwamba masalio hayakupatikana. Mzee Plasta alikuwa na kipimo mkononi. Alichanganya unga na maji akamfunga mgonjwa, na bakuli likabaki jeupe, halina kitu. Mtu mmoja tu duniani ndiye aliyemfanya akosee kipimo na kuchanganya kupita kiasi, naye alikuwa binti yake.

Mara ya kwanza binti alisema ameanguka ngazini. Yakapatikana mayai mawili. Mara ya pili alisema ameanguka bafuni, yakapatikana mengine mawili. Mara ya tatu hakutaja mahali. Alikaa kwenye meza ya mpira, akanyoosha mkono wa kushoto bila kuambiwa, akasema, "Nimeanguka, Baba." Baba yake akafungua daftari la chumba cha plasta na kuandika kwenye safu ya chanzo, kwa mwandiko wake mzuri: ameanguka.

Mtu anayeanguka hutanguliza kiganja, na huvunjika kwenye kifundo cha mkono. Mtu anayejikinga uso hutanguliza mkono wenyewe, na huvunjika katikati, kwenye mfupa wa upande wa kidole kidogo. Hilo halihitaji udaktari. Mzee Plasta alikuwa amelijua kabla binti yake hajazaliwa. Mara zote tatu mkono ulikuwa umevunjika katikati, mahali palepale, na mara zote tatu alimfunga akiwa peke yake, mlango umefungwa, akitandika pamba safu nne badala ya mbili.

Ile mara ya tatu iliangukia siku ya yai la nne. Alirudi nyumbani akiwa amekufa ganzi. Masalio ya plasta yalikuwa yamemgandia kwenye bakuli akayatupa pamoja na bakuli lake. Alipitiliza banda, akaingia ndani, akakaa kitandani na viatu vyake. Mayai manne ya kweli yalibaki jikoni kwenye bakuli la sukari, juu ya pamba, na jike wa kijani akaendelea kuatamia yale manne ya plasta. Jike anayeatamia hasumbuliwi. Mzee Plasta alimwekea mtama na maji na kuondoka zake kila asubuhi, akiamini mambo yako kama yanavyokuwa siku zote.

Siku ya kumi na nne mkewe alilikuta bakuli nyuma ya kopo la chumvi.

"Haya ni yako?" akauliza.

Mzee Plasta alitazama, akaweka kikombe chini, akatoka kwenda bandani. Alikaa huko muda wa kupika ugali. Aliporudi alinawa mikono.

"Wametoka," alisema.

"Kina nani?"

"Makinda. Wanne."

"Kwenye plasta?"

"Ndiyo."

Mkewe alifikiri kidogo. "Basi watataka yai la kuchemsha," alisema, akateleka sufuria.

Walikula vizuri. Wakati makinda wengine huwa wekundu na wenye ngozi inayopitisha mwanga, hawa walikuwa weupe pepe tangu siku ya kwanza, na kila mmoja alikuwa mzito kama kokoto. Walikunywa maji mengi kuliko kawaida, jambo ambalo halikumshangaza mtu anayeijua plasta. Mama yao wa kijani aliwalisha bila ubaguzi. Siku ya sita Mzee Plasta aliwatoa kiotani kuwavika pete miguuni, na hapo ndipo alipoona mabawa. Wote wanne walikuwa na bawa la kushoto lililopinda katikati ya mfupa. Alipapasa kwa ncha ya kidole. Mfupa ulikuwa umeungana, ukaacha kinundu kidogo. Alikijua kile kinundu kama alivyoujua mwandiko wake. Aliwavika pete, akawarudisha, akafunga mlango wa banda taratibu, na roho yake ikawa nzito siku nzima hata wenzake kazini wakamuuliza kama ana malaria.

Walipofikisha siku thelathini walihamia kwenye vijiti vya kizimba kikubwa, wakapangana. Jioni hiyohiyo, saa kumi na mbili na robo, wote wanne walianguka. Hapakuwa na paka, wala upepo, wala aliyegonga ukuta. Walikuwa wamekaa, kisha wakawa chini. Wakajikung'uta, wakapanda tena kijitini, mmoja akichechemea. Kesho yake, saa kumi na mbili na robo, ikawa hivyohivyo.

Mzee Plasta alimwita Katibu wa chama cha wafugaji wa kanari, mstaafu wa posta anayetembea na miwani miwili. Katibu alifika jioni, akavaa miwani ya karibu, akawakagua ndege mmojammoja. Saa ilipotimia wakaanguka mbele yake.

"Rangi safi," alisema Katibu. "Weupe kama huu sijauona. Uzito umezidi kidogo. Kuhusu kuanguka, kanuni zinasema ndege awe kijitini wakati wa kukaguliwa tu. Wewe walete asubuhi."

Aliandika kitu kwenye kijitabu chake, akaomba glasi ya maji, akaenda.

Wiki iliyofuata walikaa siku tatu bila kuanguka. Siku ya nne wakaanguka mara mbili, kwa kishindo, na mmoja akachelewa kunyanyuka. Mkewe Mzee Plasta, aliyekuwa mlangoni ameshika ungo, aliwatazama mpaka wote wakarudi juu.

"Mkweo alikuwa safarini," alisema. "Siku tatu. Amerudi leo."

Mzee Plasta alifunga mlango wa kizimba.

"Hurudi nyumbani saa ngapi akitoka kazini?"

"Unajua saa."

"Najua. Nataka nikusikie wewe."

"Saa kumi na mbili na robo," alisema Mzee Plasta, akainama kuokota punje za mtama moja moja, kana kwamba kuna mtu anayezihesabu.

Mkwe alikuwa mpima ardhi, na alikuwa amepatikana humohumo bandani. Miaka mitano nyuma alikuja kununua dume la kuimba. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Mzee Plasta, kama alivyowafanyia wanunuzi wote, alimpa ndege amshike kabla ya kumuuzia, maana wengi huwabana kama wanaokamua ndimu, na hao hakuwauzia. Kijana yule alimlaza ndege kiganjani kwa mgongo, akaipitisha shingo kati ya kidole cha shahada na cha kati, akaacha vidole vingine vimefunguka nusu, na ndege akatulia, akafumba macho. Mzee Plasta hakuwa ameona mkono kama ule maishani. Aliingia ndani akamwambia mkewe: mtu anayeshika kanari namna ile hawezi kumuumiza mtu. Aliwaambia wenzake hospitalini maneno hayohayo, akamwambia na Katibu. Alimwambia binti yake, ambaye wakati huo alikuwa na wasiwasi wake na alitaka kungoja. Binti aliacha kungoja kwa sababu baba yake ndiye bingwa wa mikono, mikono ya watu inapita kwake kila siku.

"Mimi nimeshamwambia abaki hapa kwetu," mkewe alisema jioni ile, huku akipepeta ungo usio na kitu. "Nimemwambia hata kwa machozi. Anachonijibu ni kimoja. Baba ndiye aliyenipeleka. Baba akisema nibaki, nitabaki. Neno moja tu, Mzee. Huombwi hotuba."

"Nitasema."

"Lini?"

"Akija kufunguliwa plasta."

Na alikusudia kweli. Ila akilala alijisikia kama mtu anayetakiwa kula kiapo dhidi yake mwenyewe. Kulitamka lile neno kungekuwa kusema kwamba alishika ndege miaka kumi na tisa na mifupa miaka thelathini, na hakuwa amejifunza lolote kuhusu mikono. Alitafuta namna ya kulisema bila kusema hivyo, na hakuipata. Alichofanya ni kuleta pamba kutoka hospitalini, vile vipande vilivyobaki mwisho wa bunda, akaitandika sakafuni mwa kizimba, safu nne. Tangu hapo ndege waliangukia pamba. Baadaye aliamua awe anafungua mlango wa kizimba dakika moja kabla ya saa na kuingiza mikono ili kuwadaka. Alijifunza haraka. Lakini mikono yake ilikuwa miwili na ndege wanne, na kila jioni wawili walimpita.

Binti alikuja baada ya wiki kumi za plasta; mfupa uliovunjika mara tatu huchelewa kuunga. Mzee Plasta aliikata plasta kwa msumeno mdogo, akaufuta mkono kwa maji ya uvuguvugu. Mkono ulikuwa umekonda na kufifia. Alichukua kalamu na kuandika amri ya matibabu, mazoezi ya mkono siku saba, chini ya uangalizi wa fundi wa plasta, nyumbani kwa fundi wa plasta. Akagonga mhuri. Mkwe hakupinga. Alikuwa mtu wa kuheshimu mihuri.

Kwa siku saba binti alikaa kwa wazazi wake, akiminya kitambaa kilichokunjwa mara mia asubuhi na mara mia jioni. Mama yake alimpikia kila alichokuwa akikipenda utotoni. Saa nyingine zote alikuwa bandani. Alisafisha vizimba, akabadilisha maji, akawaita ndege majina ya kejeli. Siku hizo saba hakuna aliyeanguka. Ilipofika saa kumi na mbili na robo Mzee Plasta aliingiza mikono kizimbani kwa mazoea, akasubiri, akaitoa mitupu, akajifanya anakohoa ili kuficha furaha.

Siku ya tano binti alimshika mmoja wa wale weupe na kumfungua bawa.

"Hapa," alisema, akiweka kidole kwenye kinundu.

"Hapo," alikubali baba yake.

Binti alikunja mkono wa gauni lake, akajipapasa mahali palepale, akamrudisha ndege kijitini.

"Baba, mimi sijawahi kuanguka."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ya kwanza. Anayeanguka huvunjika kifundoni."

Binti alichukua kopo la maji, akamimina taratibu kwenye vikombe vya ndege, kimoja baada ya kingine, mpaka vyote vikajaa. "Na uliandika nini?" aliuliza.

"Niliandika ulivyoniambia."

Jike wa kijani alikuwa anakwaruza ganda la ngisi la kunolea mdomo lililofungwa kwenye waya, na sauti hiyo ilijaa bandani kuliko kawaida yake.

Siku ya saba mkwe alifika saa tisa alasiri. Alivua viatu mlangoni mwa banda, akaviweka sambamba, akaweka chini kilo mbili za mtama safi aliowaletea ndege. Aliwasalimia wakwe zake kwa heshima zote, akauliza hali ya mgongo wa mama, akasifu vitunguu. Kisha akawaona wale weupe.

"Ni hawa, baba? Nimesikia habari zao. Naweza kumshika mmoja?"

Mzee Plasta alifungua kizimba. Mkwe aliingiza mkono bila haraka, akamtoa ndege, akamlaza kiganjani kwa mgongo. Shingo ilipita kati ya kidole cha shahada na cha kati. Vidole vingine vilifunguka nusu. Mzee Plasta aliutazama mkono ule kwa macho yake yote mawili, akitafuta kasoro yoyote, kubana kidogo, kutetemeka kidogo, hata ukucha mchafu. Hakukuwa na kasoro. Ndege mweupe alitulia, akafumba macho.

Binti alikuwa amesimama karibu na tangi, begi miguuni. Zipu ya begi ilikuwa imefungwa nusu. Hakuwa anamtazama mumewe. Alikuwa anamtazama baba yake, na mama yake, kwenye dirisha la jikoni, alikuwa anamtazama huyohuyo. Mzee Plasta alilisikia neno likipanda. Lilipita kifuani, likapita kooni, likafika mpaka kwenye meno. Alifungua mdomo.

"Asibebe ndoo kwa mkono wa kushoto," alisema. "Wiki mbili."

"Hatabeba, baba," alisema mkwe. Alimrudisha ndege kijitini kwa upole, kama anayeweka kikombe juu ya sahani. "Nitabeba mimi."

Binti aliinama akamalizia zipu. Dirishani mama yake alivuta pazia.

Jioni, saa kumi na mbili na dakika kumi na nne, Mzee Plasta alikuwa na mikono kizimbani. Walipoanguka alidaka wawili. Wengine wawili walifika chini, na mmoja wao, yule aliyekuwa mkononi mwa mkwe, alipiga ubavu kwenye ukingo wa kikombe cha maji. Aliwaokota akawapanga. Alisimama pale analia bila sauti, pua inamtiririka, na ndege wakamtazama kwa jicho moja moja kama ndege wanavyotazama. Aliporudi ndani alikuta chakula chake kimefunikwa na mkewe amehamia chumba cha binti. Hakurudi tena kwenye chumba chao, ila aliendelea kuwachemshia ndege yai kila asubuhi.

Watu waliwazoea wale weupe. Chama kiliwapa cheti cha rangi. Majirani, ambao kanari wote waliwaita chiriku, walikuja jioni na watoto wao kuona chiriku wanavyoanguka, wakaona, wakarudi kupika. Baadhi yao walirekebisha saa zao kwa ndege hao. Mzee Plasta mwenyewe alipata faraja moja ambayo hakumwambia mtu. Alikuwa ameandika ameanguka mara tatu, ikawa si kweli. Sasa kila siku kulikuwa na walioanguka kweli. Alipolipita daftari mezani hakujisikia mwongo kama zamani.

Msimu wa kutaga ulikaribia. Jike wa kijani alianza kubeba vipande vya pamba mdomoni, na Mzee Plasta akakumbuka kwamba hakuwa na yai la bandia hata moja. Ndoo ya hospitali ilikuwa imejaa unga, lakini yeye hakuwahi kuchukua unga wa hospitali kwa ajili ya ndege, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Alitumia masalio tu.

Jumatano moja, saa kumi na mbili na robo, ndege walianguka mara tano. Alidaka alivyoweza. Mara ya tano yule wa kikombe cha maji hakunyanyuka. Alibaki juu ya pamba amefungua mdomo, bawa limekaa vibaya, anapumua. Mzee Plasta alimfunga bawa kwa kipande cha bandeji, akamweka kwenye bakuli la sukari. Alhamisi alfajiri alikunywa chai ya mkandaa, bila maziwa, na kwenda kazini kabla ya zamu yake. Alifungua dirisha. Alitandika mpira mpya mezani. Alikata pamba safu nne, akaipanga. Alijaza maji, akapima unga, polepole, akiwa peke yake, mlango umefungwa, kisha akaketi na bakuli mapajani.

Mlango ulipogongwa alikuwa ameshajaza safu ya chanzo, kwa neno lilelile.

Binti aliingia, akakaa, akanyoosha mkono. Mzee Plasta alichanganya unga na maji, akamfunga vizuri sana. Alipomaliza alitazama ndani ya bakuli, na plasta iliyobaki ilitosha mayai manne.